Nimehesabu magari mataa ya Mwenge, bosi anasema nilisinzia

Mzee wa Vijiti:
Wakuu, habari za jioni. Nimepata kibarua cha kuhesabu magari kwa kampuni moja ya ushauri. Juzi nilipangiwa Mwenge, hapa Dar, upande wa magari yatokayo Tegeta kwenda mjini. Kiti cha plastiki, fomu, penseli. Kila gari kijiti kimoja, cha tano unavikata vinne, na kila dakika 15 unahamia mstari mwingine. Safu ya bodaboda ndiyo inayoua mkono. Wanapita kama siafu, kabla ya saa 2 nilishatoka nje ya kiboksi naandikia pembeni ya karatasi.

Shida ni hii: saa 12 na nusu magari yalikuwa mengi. Saa 1 na robo, foleni haionekani mwisho, nikapata nusu yake! Trafiki alikuwa anaita kwa mkono, ameita upande wa barabara ya Sam Nujoma mpaka nikamaliza chai na chapati mbili, sisi bado hajatugeukia. Bosi kaangalia fomu: "Foleni yote ile ndiyo unaniletea hivi? Ulisinzia." Anataka kunikata posho. Nimekosea wapi?

Fundi Lami:
Hujakosea, mkuu. Umehesabu magari yaliyopita, si yaliyotaka kupita. Njia moja, yaani mstari mmoja wa magari, ikiwa na taa ya kijani muda wote hupitisha magari madogo kama 1,800 kwa saa. Ikipewa robo ya muda, ni 450 tu, hata foleni ifike Tegeta. Ndiyo maana huwekwa mtu wa pili huko nyuma, kila dakika 15 anaandika mkia umefika wapi. Bosi kabana matumizi. Na wakipanga muda wa taa kwa fomu yako peke yake, upande wenu utaonekana hauna watu, utapunguziwa kijani.

Halafu safu ya semi, yale malori ya tela, usiichukulie poa. Ekseli, yaani ule mhimili wa magurudumu, ikibeba mzigo mara mbili, lami huumia kama mara 16. Bodaboda zote hizo ulizochoka nazo haziifikii.

Suka wa Tegeta:
Na huyo trafiki kwa nini anang'ang'ania upande mmoja? Abiria wanashuka wanatembea, nauli nadai dirishani.

Fundi Lami:
Kila ukibadili upande, sekunde kadhaa zinapotea magari yakisimama na mengine yakianza kuondoka. Akiita muda mrefu anaziokoa hizo. Ila yeye anaona pale aliposimama tu, mkia wenu uko Lugalo hauoni.

Mzee wa Vijiti:
Asante sana. Nimemsomea bosi hapa hapa kwenye simu, kanyamaza, kisha kasema kesho nirudi na mtu wa pili. Namchukua binamu yangu, atakuwa anahesabu nguzo za umeme kutoka mataa mpaka gari la mwisho. Posho ya binamu nani analipa, hapo bosi hajajibu.