Naomba ushauri: namna ya kumtambua Xylosandrus crassiusculus
Ndugu wataalamu wa wadudu, naomba msaada wa kumtambua mbawakavu mdogo anayetoboa mashina ya miche yangu na kusukuma nje unga wa mbao ulioshikamana kama vijiti vyembamba, ambavyo hukatika upepo ukivuma. Nadhani ni jike la Xylosandrus crassiusculus, kwa kuwa ana urefu wa milimita 2 na ushei, rangi ya kahawia yenye wekundu, na kichwa kilichofichika chini ya kifua kisionekane kwa juu. Mteremko wa nyuma wa mbawa zake ngumu umefifia na umejaa chembechembe, ilhali wa X. germanus, mbawakavu mwingine wa jenasi hiyo hiyo ya Xylosandrus, hung'aa. Je, alama hiyo yatosha? Dume sijamwona, haruki, hubaki ndani ya mti, kwenye njia ambamo jike huotesha kuvu ya kulisha mabuu. Na miche iliyokwisha kutobolewa, niing'oe na kuichoma mara moja?