Muvi ya jamaa na mdoli wake: mtaa wenu ungekubali?

MkeWaUani (Ngamiani, Tanga)

Habari za jioni wadau. Nina swali, ila nijibuni kistaarabu, maana humu ukiuliza gari la Pongwe unatukaniwa mpaka bibi.

Juzi tuliangalia na mume wangu muvi ya 2007, Lars and the Real Girl. Binti yangu alituwekea kwenye flashi akasema ni ya kuchekesha. Kijana anaitwa Lars, kacheza Ryan Gosling, yuko mji mdogo wa theluji huko Wisconsin, Marekani. Analala gereji iliyogeuzwa chumba. Nyumba kubwa anakaa kaka yake, Gus, na mkewe Karin. Kazini anakwenda, kanisani anakwenda, ila ukimgusa anaumia kama umemuunguza. Siku moja anawaambia kapata mgeni wa kike. Mgeni mwenyewe ni mdoli wa ukubwa wa mtu, wale wa aibu wanaoagizwa mtandaoni! Kamwita Bianca. Anasema ni mmisionari, hatembei, anakaa kiti cha magurudumu. Na kwa kuwa hawajaoana, basi alale nyumba kubwa, si gereji. Hapo nilicheka mpaka mume akanifinya. Akili imemhama, adabu imebaki.

Sasa Karin. Ana mimba, na bado anamvizia shemeji yake akirudi kazini aje ale nao, mpaka siku moja anamrukia mwilini. Kicheko kikanikatika. Yule ni mimi, wadau, tofauti ni kwamba mimi sijamrukia mtu.

Shemeji yangu anakaa chumba cha uani. Ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la mkonge, miaka thelathini na minne, hana mke, hana simu ya maana, hana anayemgongea. Kila siku baada ya adhuhuri nampelekea chakula mlangoni, nimekifunika kawa. Nikirudi kuanika nguo nakuta sahani juu ya pipa la maji, imeoshwa, imefutwa, kawa juu yake. Mwaka wa tatu huu. Jirani yangu ananiambia nina bahati, wake anaacha vyombo mpaka nzi wanafanya mkutano. Mimi ile sahani safi inanikera sijui niseme vipi. Mgeni ndiye anayeosha sahani. Mtu wa nyumbani anaiacha na mchuzi wake, unampigia kelele, yanaisha.

Halafu kuna pahala kwenye muvi Gus anaona kosa lake: mama yao alifariki akimzaa Lars, baba akawa mtu wa huzuni, na yeye mkubwa alipopata upenyo akaondoka, akamwachia mdogo wake ule msiba peke yake. Mume wangu akainuka kwenda kufunga mlango. Mlango ulikuwa umefungwa. Yeye alikuwa Mombasa miaka sita wakati baba yao anaumwa, na aliyekuwa akimgeuza mzee kitandani ni huyu wa uani. Sikusema kitu, nikasogeza karanga.

Swali langu: ule mji mzima unakubali kumchukulia Bianca kama mtu. Anapewa kazi dukani, anapelekwa hospitali kukaa na watoto, anachaguliwa bodi ya shule! Huu ni upendo, au ni kumchezea mgonjwa? Na mtaa wenu ungeweza?

Dogo_Barabara12

Dada, huku kwetu Bianca asingemaliza wiki. Siku ya kwanza angepigwa picha, ya pili ziko makundi yote ya WhatsApp, ya tatu wazee wanamwita Lars kikao. Ya nne kuna mtu anauliza anauzwa bei gani.

Ila muvi niliiona. Ile sehemu Lars anampulizia pumzi dubu wa kitambaa wa yule dada wa kazini, Margo, mimi mwanaume mzima nilijifanya nimeingiwa na mdudu jichoni.

NesiMstaafu

Nimefanya kazi wodi ya akili miaka mingi, nijibu hapo kwenye "kumchezea mgonjwa".

Angalia daktari wao, Dagmar, anavyofanya. Habishani naye hata mara moja. Anasema Bianca presha yake iko chini, lazima aletwe kila wiki, na huku "anamtibu Bianca" anazungumza na Lars, ndiye mgonjwa wake. Anamgusa kidogo kidogo mpaka yale maumivu yapungue. Ujanja mzuri sana, lakini ni wa sinema. Sisi kazini hatukufundishwa kuingia kwenye imani ya mgonjwa kiasi kile. Tulifundishwa tusimbishie, maana ukimbishia anaikumbatia zaidi, na tusiithibitishe pia. Unashika hisia: "naona una hofu", "naona umemkumbuka". Mtu akisikia sauti, hapati usingizi, hataki kula, mpelekeni hospitali, msianze kumnunulia mdoli viatu.

Shemeji yako lakini, kwa ulivyoeleza, si mgonjwa. Anafanya kazi, anakula, anaosha sahani. Huyo ni mpweke. Na mchana ule unaompelekea chakula ndio usiku wake, mwanangu. Umewahi kufikiria hilo?

Bi_Chumbageni

Mimi naona wale watu wamempotezea muda kijana. Angeambiwa ukweli tangu siku ya kwanza. Shemeji yako mtafutie mke, maneno yaishe.

KahawaChungu

Bi Chumbageni, mke si panadol.

Kijiweni kwetu kuna mzee, baharia wa zamani, kila jioni anatwambia meli yake inatia nanga Alhamisi na lazima awahi bandarini. Mwenye kahawa anamuuliza, "Babu, imefika wapi?" Anajibu imekwama Mombasa. Miaka kumi na moja imekwama. Mgeni mmoja alitaka kumcheka, akakaliwa kimya na benchi zima mpaka kahawa yake ikapoa. Hatukuitisha kikao kama wale wa kwenye muvi, wala mtu hakusema tumhurumie. Analipa kahawa yake, kwenye bao anatufunga, basi.

Kilichonipata mimi ni wale akina mama, Bianca "alipozidiwa". Wanakuja na vyakula vyao na sindano zao za kufumia, wanakaa sebuleni na Lars. Hawana cha kumwambia, wamekaa tu. Nikasema hawa wazungu kumbe na wao wanajua kukaa matanga, tena wameanza maiti hajafa.

MkeWaUani

Asanteni. Nesi, shikamoo, umenigusa pabaya. Kweli namgongea mlango saa nane mchana mtu aliyetoka lindo asubuhi, na mimi najiona mwema.

Bi Chumbageni, mke tulishamtafutia, mara mbili. Naomba tusifike huko.

Nimebadilisha saa. Siku ya nne leo. Sipeleki tena mlangoni, natandika mkeka uani saa kumi na moja, kabla hajaondoka, nachambua mchicha wangu wa usiku, sahani yake iko pale. Siku ya kwanza alichukua akaingia nayo ndani. Ya pili hivyohivyo. Jana mume wangu naye akaja kukaa, hajazoea, akawa anauliza habari za bei ya mkonge kama mtu wa redio, na mdogo wake akajibu akiwa amesimama mlangoni, sahani mkononi, anakula huku anajibu. Walifika mpaka habari za mzee wao na redio yake ya mbao. Nikainamia mchicha.

Leo ilikuwa wali wa nazi na changu. Kaondoka mbio, kachelewa lindo. Nimeenda kwenye pipa, hakuna kitu. Sahani nimeikuta mkekani, miba pembeni, mchuzi umeganda, nzi wameshajaa, na kawa kaipiga teke iko chini ya mpapai.

Nimemwita mume wangu aje aone.