Tupeane uzoefu: Tunaojitolea kuwatetea wazee kwenye makao ya kulelea hapa Marekani

Mwanzisha mada

Habari za jioni wakuu. Wengi wetu huku tunaingia makao ya wazee kutafuta riziki. Leo naomba wasimulie wale wanaoingia bila mshahara, waliojitolea kwenye mpango wa watetezi wa wakaaji. Mpango ulianza kwa majaribio mwaka 1972, na tangu 1978 sheria inalitaka kila jimbo liwe nao. Unafundishwa, unapewa kitambulisho, unapangiwa makao ya kutembelea. Hukagui jengo wala hutozi faini, hiyo ni kazi ya wakaguzi wa jimbo. Wewe unasimama na mzee, basi.

Naanza mimi. Nikishapiga hodi na kukaribishwa, siulizi "unaendeleaje", maana mzee yeyote atakujibu salama tu. Nauliza, "Usiku ukibonyeza kengele, wanakuja?" Hapo ndipo maneno hutoka. Bibi mmoja aliyepooza mkono wa kushoto aliniambia habonyezi. Nikatazama: kengele imefungwa kwenye reli ya kitanda, upande uleule wa kushoto. Kila wakibadilisha mashuka inarudishwa palepale. Kwa hiyo tangu alasiri alikuwa hanywi maji, asije akabanwa na haja usiku na asipate wa kumwita. Aliponiruhusu kusoma faili lake nikakuta limeandikwa "hapendi vinywaji". Iliniuma sana. Nilimuuliza kama anataka tumwite muuguzi wa zamu, akakubali, akaeleza mwenyewe kwa kinywa chake. Ikaingizwa kwenye mpango wake wa matunzo kwamba kengele ikae kulia. Karibuni na nyie.

Nahodha

Asante kwa mada. Mimi nazungumzia hospitali. Mzee wetu alipelekwa na homa ya mapafu, akapona, makao yakasema hayampokei tena, "ana usumbufu". Hakuna barua, hakuna chochote, na nguo zake zimeshatiwa kwenye mifuko. Wakuu, hilo haliruhusiwi. Chini ya sheria ya makao ya wazee ya mwaka 1987 na kanuni zake, makao hayawezi kumtoa mtu ila kwa sababu chache zilizotajwa, na lazima yatoe notisi ya maandishi, kwa kawaida siku 30 kabla, yenye sababu, mahali anakopelekwa na jinsi ya kukata rufaa. Nakala inakwenda ofisi ya mtetezi wa jimbo. Na anayelipiwa na Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hata muda wa kushikiliwa kitanda akiwa hospitali ukipita, ana haki ya kurudi kitanda kinachofaa kikipatikana. Mzee alikata rufaa, mimi nikakaa naye kwenye kikao. Alirudi, ingawa chumba kingine, na dirisha lake alilolipenda hakulipata tena.

Dada wa Zamu ya Usiku

Mimi ni msaidizi wa wauguzi, niseme upande wetu. Mkija tunaingiwa na hofu, kwa sababu lawama hutushukia sisi. Usiku tunaweza kuwa wawili kwa ukumbi mzima, kengele tatu zinalia pamoja. Unamwacha yupi? Hatuwachukii wazee.

Mwanzisha mada

Dada yangu, pole na kazi, na nakuamini. Ndiyo maana kengele zikichelewa kila usiku sipeleki jina la msaidizi, napeleka suala la idadi ya watu kwenye zamu. Wasaidizi wamenionyesha mengi ambayo ofisini nisingeambiwa. Ila ukitaka kujitolea, jua kwamba ukiwa bado umeajiriwa na makao hutakubaliwa, kwa sababu ya mgongano wa maslahi.

Shangazi Mdogo

La kwangu bado linanielemea. Mzee analipiwa na Medicaid, pensheni yake yote inakwenda kwenye matunzo, anabakiziwa posho ya matumizi binafsi. Kiwango cha chini cha taifa ni dola 30 kwa mwezi tangu 1988, majimbo mengine huongeza. Hiyo posho mwanawe alikuwa anaichukua yote. Baba wa watu hana hata ya kunyolea nywele. Aliniambia kila kitu, kisha akasema, "Usimwambie mtu. Ni mwanangu."

Nilivyolelewa mimi, jambo kama hilo unaliita kikao cha ukoo siku hiyohiyo. Lakini mtetezi hatoi siri ya mzee bila idhini yake, hata roho ikikuchoma. Nilimweleza tu kwamba anaweza kuomba posho itunzwe na makao kwenye akaunti ya jina lake, naye apewe taarifa ya fedha kila robo mwaka. Alinyamaza. Ziara kadhaa baadaye akaniita, akataka fomu. Sasa pesa iko kwake, na mwanawe akija humpa kiasi. Mimi nisingempa. Lakini ni pesa yake na mtoto wake, na nimeona uso wake anapotoa.

Mkalimani

Nina fupi. Mzee wa Kikongo, aliletwa na familia ya wakimbizi, Kiingereza hajui. Wameandika "amechanganyikiwa, hajibu maswali". Nikamsalimia, "Shikamoo baba." Akajibu, akaanza kunihadithia shamba lake, wajukuu, goti linalomsumbua. Kumbe akili timamu! Kanuni zinasema mkaaji aelezwe hali yake ya afya kwa lugha anayoielewa. Kwa kibali chake tuliomba mkalimani kwenye kikao cha matunzo, na goti likatibiwa kwa mara ya kwanza.

Nyota

Nimesoma yote, nataka kujiunga. Naanzia wapi, na je, Kiingereza changu cha kawaida kinatosha?

Mwanzisha mada

Kinatosha, mdogo wangu. Piga simu wakala wa wazee wa eneo lako, uliza ofisi ya mtetezi wa wakaaji wa makao ya muda mrefu. Watakuhoji, watachunguza rekodi yako, kisha mafunzo. Waambie mapema kwamba unazungumza Kiswahili, na kama uko tayari kutembelea jioni au Jumamosi, liseme pia. Wazee wengi huwa hawana mgeni saa hizo.