Kadi ya grafiki ya 6GB: programu moja inasema 4, nyingine 14. Nimepigwa?

MamaKamera
Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, nahariri video za harusi na kipaimara. Juzi nimenunua Arusha kompyuta ya mezani iliyotumika, laki tisa: RAM 16GB, kadi GTX 1060 ya 6GB. Kufika nyumbani, programu ndogo ya ukaguzi inaandika 4GB. Nikafungua dxdiag, kikaguzi cha Windows yenyewe, jumla ya memori ya kadi inasoma karibu 14GB! Muuzaji alinipa siku saba za kurudisha, leo ni ya tano. Hela hii nimeidunduliza miezi minane. Nimwamini nani?

Kijana_Kilombero
Umepigwa. Panda basi asubuhi, rudisha.

FundiSoweto
Taratibu kwanza. Dada, namba zote mbili zina asili yake. Programu nyingi ndogo huiuliza Windows kupitia WMI, yaani mlango wake wa taarifa za vifaa, na pale ukubwa wa memori hukaa kwenye namba ya biti 32, ambayo mwisho wake ni baiti 4,294,967,295. Hiyo ni 4GB kasoro baiti moja. Kadi iwe ya 6 au ya 24, jibu halivuki hapo. Ukimimina debe la unga kwenye kibaba, kitajaa tu na unga utamwagika.

Ile 14 ni 6 za kadi yenyewe, pamoja na kama 8 ambazo Windows inairuhusu kuazima kwenye RAM, kwa kawaida nusu ya RAM yako. Za kuazima ni za polepole mno kwa kazi yako, usizihesabu. Hapo hapo kwenye dxdiag, shuka chini ya jumla, utaona memori ya kadi peke yake.

Kijana_Kilombero
Nimekuelewa, fundi. Ila zipo kadi zilizochezewa BIOS, ile programu ya ndani ya kadi, hizo zinaidanganya hata draiva, programu ya kompyuta inayoiendesha kadi.

FundiSoweto
Kweli kabisa, na ndiyo hofu ya maana hapa. Dada, weka GPU-Z, programu ya kukagua kadi za grafiki. Tangu 2018 inazitambua nyingi na kuziandika FAKE. Angalia pia idadi ya viini, vile vipande vya kadi vinavyopiga hesabu: 1060 ya 6GB ina 1280, ya 3GB ina 1152. Halafu ipe kazi nzito ijaze memori. Ya bandia hukwama ikifika mwisho wake halisi.

MamaKamera
Nimerudi. GPU-Z: 6144MB, viini 1280, FAKE hakuna. Nimefungua harusi ya Jumamosi kwa 4K, memori ikapanda hadi 5.1GB bila kukwama. Mungu awabariki. Sasa nampigia yule muuzaji, mchana nilimtumia meseji kali sana.