MREJESHO: Wenzangu waliogoma kuacha daftari ghalani (Tabora)

Wakuu, habari zenu. Mwezi uliopita niliomba ushauri hapa: ghala letu la asali lilihamia kupokea mzigo kwa kishikwambi badala ya daftari, na wapokeaji wangu sita wakasusa. Asanteni sana kwa majibu.

Nilimfuata aliyesema niahirishe semina, kwanza nikakae nao kazini. Nikakaa mizanini na mama mmoja, mkongwe kuliko wote. Kumbe mfumo anauelewa vizuri tu! Vidole vyake vina asali kutwa nzima, akigusa kioo hakisikii, na foleni ya wafugaji nyuki kutoka Sikonge inamwangalia. Aliona aibu kusema. Nikaweka ndoo ya maji na kitambaa kando ya mzani. Siku ya tatu yeye ndiye alikuwa anawaelekeza wenzake.

Ushauri wa kuondoa daftari siku moja sikuufuata. Tunaandika kote kuwili hadi msimu uishe. Umeme ukikatika daftari linatuokoa.

Mmoja lakini ameomba kuhamia idara nyingine. Huyo nilichelewa kumsikiliza, na inaniuma. Wanne wameshazoea, wa mwisho bado namsaidia jioni baada ya kufunga hesabu.