Mabanda ya "maili 100" kutoka Nairobi: nani anayajua?

BintiMpishi

Hamjambo wenzangu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa hoteli za njiani enzi za wazungu. Alipofariki niliachiwa kisu chake kimoja na picha moja. Kwenye picha amevaa aproni, amesimama mbele ya banda la mbao lenye kibaraza. Nyuma yake kuna miti mirefu, na nyuma ya miti mlima mkubwa mweusi uliojaza upande mzima wa picha. Nyuma ya picha pameandikwa kwa penseli: "Maili 100 toka Nairobi, 1953."

Nyumbani wote wanasema ni Barabara ya Mombasa, maana sisi ni watu wa Voi na njia ya kwenda kazini ilikuwa hiyo. Basi Jumamosi mbili mfululizo nimeizunguka barabara hiyo na gari la shemeji. Maili 100 ni kama kilomita 160. Ukipiga hesabu unaangukia Kiboko, na Kiboko kweli kuna Hunter's Lodge, kando ya chemchemi, chini ya migunga ya manjano. Moyo ulinienda mbio! Nikazunguka bustani na picha mkononi kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotea. Mlima hakuna. Askari wa getini akanionyesha vilima vya Chyulu kule mbali, lakini hata yeye alicheka.

Njaa ikanipeleka Makindu kwa Masingasinga. Hekalu lile ni la 1926 na mpaka leo msafiri anakula bure: dengu, chapati, chai, bora uvue viatu na ufunike kichwa. Nikashiba, nikaendelea hadi Mtito Andei, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Je, zamani maili zilihesabiwa kutoka mahali pengine? Au banda lilibomolewa?

DerevaMstaafu

Binti yangu, pole kwa safari. Mimi nilianza kama tanboi, nikaja kushika usukani, na njia hiyo naijua gizani. Ukitafuta vituo vya zamani usitafute nyumba, tafuta maji. Treni ya mvuke ilikuwa inakunywa maji kama ng'ombe, na magari nayo hayakuwa na subira: rejeta inachemka, unasimama, unateka maji kwa debe. Palipo na maji ndipo mtu alipofungua duka, pampu ya mafuta, kisha vyumba viwili vitatu vya kulala. Kabla ya magari mambo yalikuwa hayo hayo. Abiria wa reli walishuka Voi na Makindu kula, kwa sababu treni za mwanzo hazikuwa na behewa la chakula.

Halafu ujue lami ya sasa si njia ile ile. Wamenyoosha kona nyingi, kwa hiyo kipande cha zamani unaweza kukikuta kando, kimeota nyasi. Shuka utembee. Ukiona boganvilia imekuwa mti porini, au mwembe peke yake mahali pasipo na boma, simama hapo. Angalia chini utaona sakafu ya saruji, na nguzo fupi nne zilizobeba tangi. Nyumba za mbao huliwa na mchwa au huibwa zikawa kuni, lakini sakafu haibebeki.

(Na ukifika Mackinnon Road, simama kwenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, walii wa Kiislamu, pale kando ya reli. Sisi madereva hatukupita bila kutoa chochote.)

Mchokozi

Penseli ya mpishi si hati ya kiwanja. Ila tuseme maili ni sawa, hebu angalieni mwaka. Huyo Hunter ni yule Mskoti aliyeua vifaru karibu elfu moja Ukambani miaka ya 1940, kazi ya serikali, ati wapishe mashamba. Leo tunakunywa chai bustanini kwake tukisifu ndege. Hoteli aliijenga mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1953 babu angempikia nani Kiboko, nyani?

WaKajiado

Dada, unamaliza mafuta ya shemeji kwenye barabara isiyo yake. Kutoka Nairobi maili 100 zinakufikisha Kiboko, sawa, lakini ukishika njia ya Arusha zinakufikisha Namanga. Na Namanga mlima hauutafuti, wenyewe unakutazama: Ol Doinyo Orok, maana yake kwa Kimaasai Mlima Mweusi. Chini yake kuna Namanga River Hotel, mabanda ya mbao chini ya miti, ya tangu ukoloni. Wazungu waliokuwa wakienda kuangalia ndovu Amboseli walilala hapo. Na barabara hiyo ndiyo ilikuwa kipande cha ile njia ya Cape hadi Cairo. Hoteli moja Arusha ilijisifu kwamba iko katikati yake.

BintiMpishi

Nimesoma nikainuka kitini. Nimempigia mama, nikamwuliza kama babu alijua Kimaasai. Akanyamaza, kisha akasema: "Mbuzi zake alikuwa akiziamkia 'sopa'. Sisi tulidhani ni mzaha wa kizee."

Miaka yote hiyo tunacheka, kumbe.

Naenda Jumamosi. Nikitoka Voi, nikate Emali nipitie Loitokitok na Amboseli, au niende hadi Athi River ndipo nishike kushoto?

DerevaMstaafu

Athi River. Ni mbali zaidi lakini ni lami tupu. Ukipitia mbugani utalipa kiingilio, na shemeji atakudai shokamzoba. Toka saa kumi alfajiri. Picha itoe nakala, ile yenyewe iache nyumbani.