Naomba ushauri: cherehani ninayo, lakini kila siku naahirisha kuanza

Ndugu zangu, ni zaidi ya mwaka sasa napanga kufungua biashara ya ushonaji, na cherehani niliyoinunua kwa akiba yangu bado imefunikwa kitambaa pembeni ya kitanda. Daftari la mahesabu limejaa mistari iliyofutwa na kuandikwa upya, kwa sababu kila ninapokaribia kuanza hubadili bei, aina ya nguo au mahali pa kufanyia kazi. Ujuzi haunipi shaka. Ninachohofia ni kupoteza mtaji wote kwa mkupuo. Je, nianzie nyumbani na oda chache ili nipime soko, au nisubiri hadi nipate kodi ya miezi 6 ya fremu? Mliowahi kukwama hivi, mlitumia kigezo gani kuamua?